Kuzaa sana si sababu pekee, hesabu pia wanaohama

Hapana mkuu, unasema watu wa mkoa wetu wa Kigoma wanaongezeka polepole kwa sababu tumeacha kuzaa, ila sio hivyo, ni watu wanatoka. Idadi ya watu inabadilika kwa njia tatu tu: wanaozaliwa, wanaokufa na wanaohama, na hiyo ya tatu ndo kila mtu anaisahau. Angalia sensa, 2012 Kigoma tulikuwa kama milioni 2.13, 2022 tukafika milioni 2.47, yaani tumeongezeka asilimia 16 hivi kwa miaka kumi, wakati nchi nzima imepanda kama asilimia 37 na majirani zetu Tabora wameruka kutoka milioni 2.29 mpaka 3.39. Sasa huku familia za watoto sita saba ni kawaida kabisa, kwahiyo pengo hilo huwezi kulieleza kwa uzazi, vijana wanaondoka kutafuta mashamba na vibarua, na si jambo la leo, babu zetu walienda umanamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Tabora kinyume chake, wakulima na wafugaji wanaingia kufuata ardhi na malisho.

Nilikuwa karani wa sensa Kasulu, hukuhuku Kigoma, 2022, na ukisoma namba zile kumbuka kitu kimoja, mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti, sio kwao alikozaliwa. Kuna mama alinitajia wanawe wanne walioko Urambo, mkoani Tabora, kwenye mashamba ya tumbaku akitaka niwaandike, ikabidi nimweleze taratibu kwamba hao wataandikwa hukohuko.