Wakatwe mshahara? Kwanza niwaeleze ya maziwa

Mhariri, mmeuliza kama wabunge wakatwe mshahara pale serikali inapofungwa kwa sababu wameshindwa kupitisha bajeti, kama Marekani ilivyofungwa siku 43 mwaka 2025. Jibu lilinitoka palepale: wakatwe, mpaka shilingi ya mwisho. Hapa Pwani ya Kenya tumeyaonja.

Mwaka 2020 Seneti yetu ilizozana miezi kuhusu namna ya kuzigawia kaunti shilingi bilioni 316.5. Mwaka wa fedha ulianza Julai, pesa hazikuja. Mimi nilikuwa nikipeleka maziwa hospitali ya kaunti, lita 40 kila alfajiri, kwa mkopo. Alhamisi tarehe 17 Septemba nikafika langoni na mitungi yangu miwili juu ya bodaboda. Mpishi akatoka akijipangusa mikono, akasema polepole, "Mama Saumu, leo usishushe. Magavana wamesema wagonjwa wapya wasilazwe." Nikamuuliza niyapeleke wapi. Hakujibu. Aliukaza tu mfuniko wa mtungi mmoja uliokuwa ukivuja, akarudi ndani.

Kufika adhuhuri yalikuwa yameanza kukatika. Mengine nikayafanya mala, mengine nikawagawia majirani. Jioni wakaja wafugaji wangu watatu. Mmoja, mzee wa rika la marehemu babangu, hata hakutaja deni. Aliuliza, "Mwanangu, kesho utayachukua?"

Usiku huohuo redio ikatangaza kwamba maseneta wameafikiana.

Lakini ninavyoandika nakumbuka walichokuwa wakigombania. Mfumo wa ugavi uliopendekezwa, wa kutazama zaidi idadi ya watu, ungezipunguzia pesa kaunti za Kaskazini Mashariki na nyingi za Pwani. Maseneta waliokataa, watatu kati yao wakakamatwa na polisi mwezi Agosti, walikuwa wakitutetea sisi. Mwishowe ikaahidiwa nyongeza ya bilioni 50 ili kaunti yoyote isipoteze. Lau wangekatwa mshahara tangu Julai, huenda wangelegea mapema, hospitali yetu ikapata maziwa mwaka ule na kukosa dawa miaka iliyofuata.

Basi wasikatwe. Angalau wasikatwe wanaosimamia watu wao, ingawa sijui nani atawapambanua na wanaojitafutia makuu. Ila pesa za hospitali zisingoje kura zao.

Hospitali ilinilipa deni langu mwaka uliofuata. Yule mzee alikuwa ameshauza ng'ombe mmoja, na kila nikimkumbuka, hilo neno "wasikatwe" linanitoka kwa shida.