Badme: Kijiji Kilichoamuliwa Mbali na Wanakijiji

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 2002 tume ya kimataifa iliamua kijiji cha Badme ni cha Eritrea, lakini Ethiopia ikaendelea kukishikilia kwa miaka mingi. Iliwezekanaje? Na je, wanakijiji waliulizwa?

JIBU: Ndugu msomaji, vita vilianzia Badme mwezi Mei 1998, vikaua makumi ya maelfu ya watu, na katika Mkataba wa Algiers wa Desemba 2000 nchi zote mbili zikaahidi kuuheshimu uamuzi wa tume hiyo kuwa wa mwisho. Tume ilitegemea mikataba ya 1900, 1902 na 1908, iliyotiwa saini na Ethiopia na Italia, mtawala wa Eritrea wakati huo. Ule wa 1902 unautaja mto Maieteb, na mabishano makali yalihusu mto huo ni upi hasa. Mwishowe tume ilikubali mstari ulionyooka kutoka mto Setit hadi Mareb, na Badme ikaangukia magharibi yake, upande wa Eritrea.

Wanakijiji hawakuulizwa. Mkataba wa Algiers uliizuia tume kuamua kwa kupima tu lililo la haki, nje ya mikataba hiyo na sheria za kimataifa. Kwa hiyo nani amezika wazazi wake wapi, au ng'ombe wake hunywa maji kisima kipi, hayakuwa mambo ya kuusogeza mstari. Kwangu mimi hili ni kosa kubwa la waliouandika mkataba, hata kama nia yao ilikuwa kuzima vita haraka.

Kuhusu utekelezaji, kuandika mpaka na kuusimika ardhini ni kazi mbili tofauti. Ethiopia iliupinga uamuzi kuhusu Badme, nguzo hazikusimikwa huko, na mwishoni mwa Novemba 2007 tume ikafunga kazi kwa kuacha mpaka ukiwa ni orodha ya nukta za ramani. Juni 2018 Ethiopia ilitangaza kuukubali uamuzi wote, na Septemba mwaka huo kivuko cha Zalambessa, mashariki zaidi kwenye mpaka huohuo, kikafunguliwa. Ndugu waliotenganishwa kwa miaka 20 wakakumbatiana barabarani huku wakilia. Miezi michache baadaye kivuko hicho kilifungwa tena.