Jibu: Treni ya kasi Lubumbashi–Kolwezi, au tutengeneze reli ya zamani?

Yaya, umeuliza kama pesa ikipatikana tujenge treni ya kasi kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, hapa kwetu Kongo, kama ile ya Tanzania, au tufufue reli tuliyo nayo. Mimi nachagua kufufua.

Ile ya Dar es Salaam–Dodoma, iliyoanza 2024, inafika kilomita 160 kwa saa. Nzuri sana, ila njia mpya za kasi kama za TGV, treni za kasi za kule Ufaransa, huanzia 250. Hizo zinataka kona pana, uzio, na umeme usiokatika. Usiokatika, hapa kwetu!

Reli yetu ilifika Lubumbashi 1910, upana wake milimita 1,067 sawa na ya Zambia, kwa hiyo behewa linavuka mpaka bila kupakua mzigo. Shida ni mataruma (vile vipande vya chini vinavyoshika reli) yaliyochoka na kokoto zilizomezwa na udongo, dereva anatambaa. Mama yangu mdogo alitoka Kamina na magunia ya mahindi, siku nne njiani, mvua ikamkuta, gunia moja likafika limeota. Yeye hana haja ya 250. Sitini tu, na treni iondoke siku iliyotangazwa.