Nilikibomoa ili nikipe uti wa mgongo

Swali la wiki hii lilikuwa: ni kazi gani ya mikono uliyolazimika kuibomoa na kuianza upya, na mara ya pili ulibadilisha nini? Yangu ni chombo cha anga cha matofali ya plastiki ya Lego, nilichokibuni mwenyewe bila kitabu cha maelekezo.

Nilikitaka kikubwa. Wajenzi wa vyombo hivi wana kipimo chao: kikubwa hasa ni kile kinachofikia urefu wa vinundu 100. Kinundu ni kile kiduara kilichochomoza juu ya tofali, na kutoka kimoja hadi cha pili ni milimita 8, hivyo vinundu 100 ni sentimita 80. Changu kilifika 112.

Miezi minne niliitumia kwenye sura yake: madirisha, injini, mistari ya rangi ubavuni. Siku ya kukihamisha, mimi nilishika pua na mdogo wangu akashika mkia. Tulipokiinua tu, tumbo likafunguka katikati na vipande vikamwagika sakafuni. Mdogo wangu hakusema neno. Alipiga magoti akaanza kuokota.

Mwanzoni nililaumu matofali. Baadaye nikaelewa. Mirija iliyo ndani ya tofali, muundo uliosajiliwa mwaka 1958, hubana vinundu vizuri sana ukilisukuma tofali kando, lakini ukilivuta juu au ukilimenya kuanzia pembeni, linang'oka. Chombo kikishikwa ncha mbili, uzito wa katikati huzivuta tabaka za chini zitengane. Nami nilikuwa nimeacha viungo vya tabaka tatu za chini vikae mstari mmoja, jambo ambalo mwashi hafanyi ukutani, yeye hupishanisha.

Mara ya pili nilianzia ndani. Nilijenga kwanza fremu ya mihimili ya Technic, ile yenye matundu ubavuni, nikaiunga kwa pini. Na hapa kuna hesabu ninayoipenda mno. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, na bamba, kile kipande chembamba, milimita 3.2. Ukilaza mhimili, ukaweka mabamba mawili juu yake, kisha mhimili mwingine, kutoka tundu la chini hadi la juu ni milimita 16, sawasawa na vinundu viwili. Kwa hiyo mhimili wa tatu unaweza kusimama wima ubavuni, matundu yakakutana, pini zikapita, na tabaka zikafungwa zisiweze kuachana. Nilipoona pini ya kwanza inaingia bila kulazimishwa, nilikaa kimya kwa muda nikiitazama.

Ngozi ya nje nilijifunza kwenye seti ya roketi ya Saturn V ya mwaka 2017, yenye vipande 1,969, idadi inayolingana na mwaka binadamu alipotua Mwezini. Imesimama karibu mita moja na kwa nje ni duara, lakini ndani yake kuna kiini cha pembe nne chenye vinundu vilivyoelekea pande zote, na vipande vilivyopinda hubandikwa hapo. Nami nikafanya vivyo hivyo: mbavu za chombo changu zimebandikwa kutokea kando, na kila moja inatoka peke yake bila kugusa jirani yake. Kati ya ngozi na fremu nimeacha wazi. Kujaza ndani ni kuongeza mzigo tu, na mzigo ndio uliovunja kile cha kwanza.

Rangi zimepungua, kwa sababu baadhi ya mistari haikupata pa kushika kwenye mbavu mpya. Niliisikitikia ile ya njano.

Juzi nilikiinua peke yangu, mikono miwili chini ya katikati, pua na mkia vikielea hewani. Hakuna kilichoinama. Nilizunguka nacho chumba kizima, mdogo wangu akitangulia kunifungulia mlango.