Usimuulize msikilizaji kama umepiga vizuri

Wiki iliyopita, saa sita za usiku, kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia ujumbe mrefu. Ni mpiga kinanda wa parokia yao. Mwaka mzima amejifunza peke yake kipande kimoja cha Liszt, mtunzi na mpiga piano wa Hungaria wa karne ya 19, na siku ya sikukuu ya somo (mtakatifu msimamizi) wa parokia akakipiga ukumbini baada ya Misa. "Dada," ameandika, "walikuwa wanaongea. Mmoja alipokea simu, akaongea hadi akamaliza. Nilipoinuka, mwenyekiti wa kwaya akaniuliza kama sasa naweza kuwapigia kitu cha kuchangamsha. Niache?"

Nimeusoma ujumbe huo mara nne. Sikuujibu usiku ule, kwa sababu uliniamshia jambo nililodhani nimeshalizika. Namjibu leo, mbele ya wote, maana najua hayuko peke yake. Wapo wengi mnaokaa na kinanda saa nne usiku, majirani wakiwa wamelala, mkijifunza vitu ambavyo hakuna aliyewaomba.

Kipande kilichonitesa mimi ni "Mtakatifu Fransisko wa Paola akitembea juu ya mawimbi". Ni cha pili kati ya Legenda mbili, yaani visa vya watakatifu, ambazo Franz Liszt aliziandika kwa ajili ya piano mnamo 1863. Cha kwanza ni cha Fransisko wa Assisi akiwahubiria ndege, na hicho watu hukipenda upesi, kwa sababu ndege wanasikika tangu mwanzo. Cha pili ni maji. Kinaanza chini kabisa, wimbo mmoja wa taratibu kama wa watawa wakiingia kanisani, ufunguo wa E meja (wanakwaya wangesema do ni E). Wimbo ule ukishatulia, mkono wa kushoto unaanza kutetemeka, kisha unapanda na kushuka ngazi za nota bila kupumzika, na kila mzunguko maji yanazidi kujaa. Kinafika mahali mikono yote miwili iko katika oktava (nota mbili za jina moja, ya chini na ya juu, zikipigwa pamoja), kwa kasi, na ule wimbo wa watawa umezama kabisa. Halafu unaibuka. Mimi nina mkono mdogo. Oktava kwangu ni kujinyoosha hadi mwisho wa kidole. Miezi minane ya mazoezi sitaisimulia hapa. Ilikuwa mkono wa kushoto peke yake, polepole, kila siku.

Mara ya kwanza kukipiga mbele ya watu ilikuwa miaka sita iliyopita, kwenye harambee ya kuezeka ukumbi wa parokia fulani jijini Dar es Salaam. Kinanda kilikuwa cha umeme, cha vitufe 88, na pedali yake ilikuwa ikiteleza juu ya vigae, hata nikawa naikimbiza kwa mguu huku nikipiga. Nilivaa gauni jipya. Nilikuwa nimewaalika wazazi, na mwalimu mmoja wa muziki ambaye neno lake nililiheshimu kuliko la mtu yeyote.

Dakika mbili za mwanzo zilikuwa kimya. Ya tatu nikasikia viti. Kuna mahali, baada ya kilele kikubwa, muziki unakatika ghafla na kubaki sauti chache za polepole, kama mtu anayesali baada ya kuokoka. Liszt ameandika Lento pale, yaani polepole. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na pale ndipo watu walipopiga makofi, na mama mmoja akapiga vigelegele. Walidhani nimemaliza. Nikaendelea, na katikati ya makofi yao ile sala haikusikika na mtu yeyote isipokuwa mimi.

Baadaye, kwenye chai, yule mwalimu alisema mbele ya wanafunzi wake, kwa sauti ya kutosha kunifikia: "Makelele mengi, wimbo kidogo." Wakacheka. Nimelibeba neno lile miaka sita, na hata leo nikiliandika mkono unakuwa mzito. Paroko aliuliza, kwa upole, kama huo ulikuwa muziki wa dini. Na mama wa makamo, ambaye hadi leo simjui jina, alikuja akanishika kifundo cha mkono akasema, "Pole kwa kazi, mwanangu."

Hilo la mwisho liliniuma kama yale mengine. Nilikuwa nimeleta utakatifu, nikapewa pole kama mtu aliyetoka kulima. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ukumbini mle yeye peke yake alikuwa ametazama. Aliona kwamba ile ni kazi. Kipande kile ni cha mtu anayevuka kwa taabu juu ya kitu kisichoweza kumbeba, na mama yule, bila kuambiwa neno, aliniambia pole. Kijana wangu wa Mwanza, nakuomba ukumbuke vizuri: siku ile ya somo wa parokia hakuna mtu aliyekuambia jambo dogo ambalo hukulipa uzito? Jaribu kulikumbuka.

Baada ya harambee ile sikukipiga kwa miaka miwili. Nilifundisha watoto, nikapiga Misa na harusi.

Kilichonirudisha ni mtoto wa jirani, msichana wa miaka minane, aliyekuwa akija kwangu kusubiri mama yake atoke kazini. Siku moja nilikuwa najaribu tu, bila nia, kuona kama vidole bado vinakumbuka. Alikuwa sakafuni anachora. Nilipofika kwenye oktava akainua kichwa akauliza, "Shangazi, nani anazama?"

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu maji.

Nikafunga kitabu cha nota, nikakaa naye sakafuni, nikamsimulia. Kulikuwa na mtawa katika nchi ya Italia, Fransisko, mzaliwa wa mji wa Paola mwaka 1416, maskini kiasi kwamba wafuasi wake walijiita Waminimi, yaani wadogo kuliko wote. Mwaka 1464 alitaka kuvuka mlango wa bahari wa Messina kwenda Sisilia. Pale panapobana zaidi ni kama kilomita 3, lakini ni maji yenye mikondo mibaya. Akamwomba mwenye chombo amvushe. Mwenye chombo akataka nauli, na Fransisko hakuwa na senti. Inasimuliwa kwamba yule bwana alimjibu kuwa kama yeye ni mtakatifu, basi atembee juu ya maji. Fransisko akalitandika joho lake juu ya bahari, akasimama juu yake, akavuka. Mwaka 1943 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa mabaharia wa Italia.

Mtoto akasema, "Piga tena." Nikapiga. Safari hii hakuchora.

Hapo ndipo nilipojua kosa langu la harambee. Nilitaka watu wasikie bahari na sikuwa nimewaambia kwamba kuna bahari. Niliwafungulia mlango wa chumba chenye giza kisha nikawalaumu kwa kutoona fanicha. Liszt mwenyewe hakufanya hivyo! Alichapisha maelezo mbele ya nota, akaeleza hadithi, na akaeleza mchoro wa Eduard von Steinle aliokuwa nao kwenye chumba chake cha kazi. Mtu aliyeijaza Ulaya kwa umaarufu wake aliona watu wanahitaji kuelezwa. Sisi ni nani tusieleze?

Na kama unadhani kwake ilikuwa rahisi, soma maisha yake ya miaka ile. Alikuwa amehamia Roma mwaka 1861. Alikuwa amefiwa na watoto wawili: Daniel mwaka 1859 na Blandine mwaka 1862. Mwaka 1863 akahamia kwenye monasteri ya Madonna del Rosario, nje kidogo ya mji, na mwezi Julai Papa Pius IX alikwenda kumsikiliza humo. Mwaka 1865, mwezi Aprili, akaingia ukleri, yaani utumishi wa Kanisa. Agosti akazipiga Legenda hizi mbele ya watu mjini Pest, ambao leo ni sehemu ya Budapest. Wapo waliomcheka kwamba mpiga piano wa kumbi za matajiri amejifunika kanzu. Fransisko wa Paola ndiye aliyekuwa msimamizi wake tangu ubatizo. Mtu anayekumbuka hayo anapofika pale wimbo unapozama hawezi kuyaita makelele.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huu, nao ni mfupi. Simulia kabla ya kupiga, dakika mbili zisizidi, na usitaje ugumu wa kipande. Watu hawakuja kuhesabu oktava zako. Simulia kwa Kiswahili cha nyumbani, nauli ni nauli na chombo ni chombo. Waambie pia kwamba kuna mahali patakuwa kimya na hapo bado safari haijaisha. Wakipiga makofi hata hivyo, ngoja mikono ikiwa juu ya vitufe, yapungue, kisha uendelee. Usiwakunjie uso. Anayeshangilia mahali pasipo pake ameguswa, na usithubutu kumwaibisha mtu aliyeguswa.

Na ukimaliza, usimuulize mtu yeyote, "Nimepiga vizuri?" Swali hilo nimejikataza kabisa. Ukiliuliza unamfanya msikilizaji hakimu, naye akishakuwa hakimu atatafuta la kuhukumu au atakudanganya kwa adabu. Uliza, "Umeona nini?" Kisha nyamaza. Nyamaza kabisa, hata kama jibu si lako. Nimeshaambiwa treni. Nimeshaambiwa mvua juu ya mabati usiku baba alipokuwa mgonjwa. Mwanamume mmoja aliniambia hakuona chochote ila alitamani kumpigia simu kaka yake. Wanamuziki tuna kiburi cha kutaka watu wahisi kile tulichokipanga, na kiburi hicho ndicho kinachotuletea machozi tukirudi nyumbani. Acheni. Toa ulicho nacho, usichague namna kitakavyopokelewa. Nasema haya kwa ukali kwa sababu nimelipa gharama yake.

Mwezi uliopita nilikipiga Bagamoyo, sebuleni kwa familia moja, mbele ya watu kama ishirini. Piano ilikuwa ya zamani, ya kusimama wima, yenye vitufe viwili vizito. Nilisimulia, nikapiga. Nilikuwa tayari kwa makofi ya kwenye Lento, lakini hayakuja. Palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia feni. Nilipiga zile sauti chache za sala nikijua kwamba kwa mara ya kwanza kuna watu wanazisikia. Sitajifanya mnyenyekevu: nilipiga vizuri siku ile, vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nimeshukuru.

Kati ya waliokuwepo alikuwa mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wangu, aliyeendesha majahazi zaidi ya miaka thelathini. Yeye ni Mwislamu. Alikuja kwa sababu ya mjukuu, akakaa karibu na mlango, kofia magotini. Watu walipoanza kwenda kwenye chakula nikamfuata.

"Shikamoo, babu. Umeona nini?"

"Marahaba, mwalimu." Akafikiri. "Huo mkono wako wa kushoto ni kusi. Maji ya mwezi wa saba. Kaskazi haina fujo namna ile."

Nilitaka kumkumbatia. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitafuta namna ya kuwaeleza wanafunzi kwamba mzunguko wa pili wa mkono wa kushoto si sawa na wa kwanza, na mzee huyu amenipa neno moja.

Kisha akauliza, "Na yule nahodha aliyemnyima, chombo chake kilifika?"

Sikuwa na jibu. Katika kusimulia kwangu kote, nahodha alikuwa mtu mbaya wa mwanzo wa hadithi. Alishasema neno lake akabaki ufukweni. Mzee akaona nimekwama, akaniongezea kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto: "Bahari ikichafuka haimchafukii mtakatifu peke yake. Na yeye alikuwa humo."

Niliporudi nyumbani niliufungua tena wosia wa Liszt wa mwaka 1860, ambao nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Humo pia anaueleza ule mchoro wa Steinle: mtakatifu amesimama juu ya joho lake, mkono mmoja umeshika kaa la moto, macho yako juu, kwenye neno linalong'aa mbinguni, Charitas, yaani upendo. Na mkono wa pili ameuinua, anaandika Liszt, ama kuituliza dhoruba, ama kuwabariki mabaharia walio hatarini.

Mabaharia walio hatarini. Wamekuwa mle miaka yote, nami nikiwaruka kila ninaposimulia. Nilikuwa nikisimulia kisa cha mtu aliyenyimwa kisha akashinda, na nadhani najua ni kwa nini nilikipenda hivyo. Nilikuwa namuwaza yule mwalimu wa kwenye chai.

Tangu siku ile napiga ile Lento kwa namna nyingine. Naipunguza zaidi, na mkono wa kulia siusukumi mbele. Sijui kama imekuwa nzuri zaidi, na sitaki kujiuliza mwenyewe lile swali nililowakataza wengine. Kwenye kitabu changu cha nota, juu ya mstari ule, nimeandika kwa penseli: nahodha.

Jumamosi mzee atakuja kumchukua mjukuu wake saa kumi, kama kawaida. Nimemwomba afike saa tisa na nusu.