Re: Picha za viatu zinatoka njano
Dada, hiyo njano kwenye picha za viatu vyako sio simu mbovu, ni taa ya ndani, zima kabisa halafu sogeza meza karibu na dirisha, ila jua lisipige moja kwa moja maana kiatu cheupe kwenye picha kitaungua, yani kitakuwa weupe mtupu usione hata mshono. Ule upande wenye giza simamisha manila nyeupe irudishe mwanga, yani utashangaa soli inavyotokeza. Flashi usiguse, ngozi inang'aa vibaya mno. Alafu bonyeza skrini pale kwenye kiatu ushushe mwanga kidogo. Kama dirisha ni dogo toka nje ukapigie barazani, kivulini, ila usisubiri jua la kuzama, lile nalo lina unjano wake.