Mumeo anataka kama zamani, wewe bado una hofu

Dada, unasema mumeo anataka wageni waje na kwenda harusini kama kabla ya korona, nawe unahofia afya ya mama yako mwenye mapafu dhaifu mnayeishi naye. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Halikusema virusi vimetoweka. Kwa hiyo hofu yako ina msingi.

Ila msibishane juu ya dunia nzima, zungumzeni juu ya mama. Mwenye mafua asimkaribie, madirisha yafunguliwe, daktari aulizwe kuhusu chanjo yake. Harusini mumeo aende, tena nenda naye. Umejifungia muda mrefu mno, na hilo linaniuma kweli. Halafu muulizeni mama mwenyewe. Pengine ana hamu ya kuwakumbatia wajukuu, na hakuna aliyemuuliza.